Kunyamaza Si Kukataa

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule barazani kwetu, na naanza kazi kabla chai haijachemka. Naishi na binti yangu na mama mkwe wangu. Mama mkwe hukata nyuzi, hushona vifungo, na huamua nani asemeshwe na nani asisemeshwe.

Maana ukoo huu una sheria yake. Mtu akikukosea kosa kubwa, humtukani wala humpigi. Unamnyamazia. Humsalimu, humjibu, humtazami, mpaka mmoja wenu afe. Babu yake mume wangu alimnyamazia ndugu yake miaka thelathini kwa ajili ya mbuzi mmoja, tena mbuzi mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Mume wangu aliuawa miaka tisa iliyopita, wakati wa vita vya vyama. Alikuwa fundi redio. Aliyemuua tunamjua, anaitwa Kamanda. Alitangaza mtaa mzima kwamba mume wangu alikuwa mpelelezi, eti aliwapa polisi majina ya vijana. Uongo mtupu! Wiki ile ile akahamia kwenye kibanda cha mume wangu, pale karibu na stendi. Na uongo wake umetuganda. Mpaka leo binti yangu akigombana na mwenzake shuleni anaambiwa, "Toka hapa, mtoto wa mpelelezi."

Sisi tukamnyamazia Kamanda.

Kisha mwaka huu ikaja barua yenye mhuri wa Tume ya Msamaha. Kamanda ameomba msamaha wa kisheria kwa kumuua mume wangu. Tukitaka kupinga, tujaze fomu ndani ya siku thelathini. Damu ilinichemka.

"Usijibu," mama mkwe alisema. "Huyo hatumsemeshi. Wala hao wanaomsemea."

"Sijibu ng'o!" nikasema. Nikachukua mkasi, nikaikata ile barua iwe paterni, kipimo cha kukatia kola. Karatasi yake ilikuwa nzuri, ngumu.

Jirani yetu tunamwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Asubuhi moja alikuja kuchukua suruali yake. Akaiona kola mezani, akavaa miwani, akainama.

"Shemeji, huu si mhuri wa Tume?"

"Ndiyo. Sasa ni kola."

"Loo! Vipande vingine viko wapi?"

Akavitoa kwenye kapu la takataka, akaviunga kwa pini zangu mpaka barua ikasomeka. "Zimebaki siku nne," akasema. "Mmepinga?"

"Tumenyamaza," mama mkwe akajibu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mama yangu, kwenye Tume kimya hakina mshindo wowote. Kinaandikwa hivi: familia haikupinga. Basi. Na maneno ya Kamanda, pamoja na hilo la upelelezi, yanaingia kwenye kitabu cha Tume bila mtu wa kuyakanusha. Watayasoma mpaka vitukuu vyako."

Nilisimama kwa nguvu, sanduku la vifungo likamwagika. "Yaani aue, halafu amsingizie marehemu, halafu aende zake nyumbani? Sheria gani hiyo? Walioitunga walikuwa wamelewa?"

"Kasirika, shemeji, una haki. Ila kasirika huku unanisikiliza." Karani akaketi. "Msamaha huu haugawiwi kama njugu. Ni kwa kosa la kisiasa tu, lililotendwa wakati ule wa vita. Mtu aliyeua kwa chuki yake au kwa tamaa yake haumhusu. Tena lazima aseme kweli yote, mbele ya watu. Akidanganya, anaukosa."

"Na akisema kweli yote?"

"Anasamehewa. Hashtakiwi. Sikufichi."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ndiyo maana watu wengi wana hasira, na mimi ni mmoja wao. Ndugu yangu wa tumbo moja alipotea kwenye vita vile. Aliyemuua alijitokeza mwaka jana, akatuonyesha alipomfukia, akasamehewa. Bila sheria hii asingefungua mdomo. Nimemzika ndugu yangu. Lakini yule mtu simpendi mpaka kesho."

"Kwa hiyo wewe hukumsamehe?" mama mkwe akauliza.

"Iliyomsamehe ni serikali. Mimi hakuna aliyenilazimisha. Na nyinyi mna haki ya kupinga, kuleta mashahidi, na kumuuliza maswali. Tume inatoa mwanasheria bure. Yote hayo yalikuwa kwenye kola yako, shemeji."

Niliona haya, na hasira ikazidi. Mama mkwe alikusanya vifungo mpaka cha mwisho. Kisha akasema, "Nileteeni viatu vyangu."

Siku hiyo hiyo Karani alitupeleka ofisi ya Tume. Mwanasheria, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alitusikiliza na kutusaidia kujaza fomu na kuandika majina ya mashahidi wetu, majirani wa kile kibanda. Mama mkwe akaweka dole gumba.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Kamanda alikuja na suti inayompwaya mabegani. Fundi wake naye alimwonea. Akasoma maneno yake taratibu, mpole kama maji ya mtungini. "Nilitii amri ya chama. Marehemu alikuwa mpelelezi. Alionekana akiingia kituo cha polisi."

Mwanasheria wetu alitaka kuinuka. Mama mkwe akamshika mkono, akainuka yeye. Mwenyekiti wa Tume akamruhusu.

"Kamanda," alisema. Miaka tisa alikuwa hajamsemesha. "Mwanangu aliingia kituoni, ni kweli. Redio yao ilikuwa imekufa. Nani aliingia naye kumsaidia kuibeba?"

Kamanda akaikunja karatasi yake. "Ni mimi."

"Ulimsikia akitaja majina?"

"Alitengeneza redio tu. Lakini chama..."

"Kibanda chake ulihamia lini?"

"Baadaye."

"Baadaye gani? Mwanangu hajazikwa, wewe umeshabadilisha kufuli! Mwaka mzima ulimwomba akuachie kibanda kile, akakataa. Mashahidi hawa hapa. Ni chama kilichokuamuru ukichukue?"

"Jibu swali," mwenyekiti akasema.

"Hapana," Kamanda akajibu, macho kwenye viatu vyake.

"Mwizi mkubwa wee!" nikapiga kelele. Mwenyekiti akanionya. Sikujuta hata kidogo.

Baada ya wiki sita uamuzi ulitoka. Tume ilimnyima Kamanda msamaha, kwa sababu alidanganya, na kwa sababu aliua kwa faida yake. Faili lake likapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Sasa yuko rumande. Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu aniambie iishe.

Uamuzi ule tulipewa kwa maandishi: "Marehemu alikuwa fundi redio. Hakuwa mpelelezi." Mama mkwe hajui kusoma. Nilimsomea mara tatu. Akataka kujua neno "hakuwa" liko wapi. Nikaweka kidole. Akaweka chake.

Kesho yake alikwenda bombani bila ndoo. Wanawake wa mtaa walikuwa kwenye foleni, wale wale waliotusema miaka yote. Alimkunjulia mwanamke wa kwanza ile karatasi ya uamuzi, akabandika kidole chini ya neno lile.

"Soma," akamwambia. "Kwa sauti."

Yule mama akasoma. Mama mkwe akasogea kwa wa pili.