Neno Baada ya Salama

Kifaru, ndege ya mizigo yenye uzito wa tani mia nne, ilishuka juu ya jiji la Mbuga Mpya, na ilipofika usawa wa matangi ya maji ncha za mabawa yake zikafunguka. Vidole kumi na viwili, sita kila upande, vilitanuka na kuchezacheza hewani, kila kimoja kwa mwendo wake. Hayo ndiyo yaliyoitwa mabawa-vidole, fahari ya kiwanja cha ndege cha jiji hilo, na wageni walipanda ghorofani ili tu kuyaangalia yakifanya kazi.

Bawa lolote hubebwa na hewa inayolisukuma kutoka chini. Penye ncha hewa hiyo hupata upenyo, hukimbilia juu, na katika kukimbia hujisokota. Kwa hiyo kila ndege huacha nyuma yake visulisuli viwili visivyoonekana kwa macho, ambavyo marubani wa Mbuga Mpya waliviita mkia. Ndege ikiwa nzito na ikienda polepole, mkia wake unaweza kuipindua ndege ndogo kama mtu anavyogeuza chapati. Vidole viliundwa ili viuchane mkia huo mapema, kabla haujapata nguvu.

Zamani ndege ndogo ilisubiri dakika tatu nyuma ya Kifaru. Sasa ilisubiri sekunde sabini. Aliyeamua hivyo ni Mpangaji, akili mnemba iliyokaa mnarani badala ya waongozaji kumi na wanane, na aliyemfundisha Mpangaji kazi ni Mhandisi Nyamizi Lugembe.

Alasiri hiyo Nyamizi alikuwa kwenye chumba cha kumbukumbu, nyuma tu ya chumba cha kuongozea ndege, na barua mkononi. Ilitoka kwa mhudumu wa ndege aitwaye Maganga Kasanda, aliyeumia kazini miezi minane nyuma. Maganga aliuliza jambo moja tu: ilikuwaje safari ile ikaandikwa kwamba haikukutana na mkia?

Nyamizi akaitafuta safari hiyo. Kweli, Mpangaji alikuwa ameandika: hakuna mkia. Basi akafungua sauti yenyewe.

Kila ndege ilipotua, Mpangaji alimuuliza rubani, "Habari ya mkia?" Swali hilo Nyamizi alilitunga mwenyewe, la kinyumbani kabisa, na alijivunia jinsi marubani walivyolipenda. Mpangaji alihesabu majibu yao, na kadiri salama zilivyoongezeka ndivyo alivyopunguza sekunde za kusubiri.

"Salama tu," alijibu rubani kwenye kinasa sauti, huku akihema. Zikapita sekunde mbili za kimya. "Ila mkia umetupindua vibaya, na mhudumu wetu amegonga dari. Haamki."

Mpangaji alikuwa ameacha kusikiliza kwenye neno salama.

Nyamizi akafungua sauti nyingine, na nyingine tena. Salama, ila tumeyumba. Nzuri, ila kidogo tuanguke. Mtu gani aliyelelewa vizuri huanza na ubaya anapoulizwa habari? Hata yeye, wiki aliyomzika mama yake, aliulizwa habari za nyumbani akajibu nzuri, ila mama ametutoka. Alilijua hilo tangu utotoni, na ndilo pekee alilosahau kuifundisha mashine. Vidole vilisaidia, lakini si kwa kiasi kile. Sehemu kubwa ya sifa za vidole hivyo ilikuwa adabu ya marubani.

Akainua macho kwenye kioo cha rada. Nyuma ya Kifaru, sekunde arobaini kabla ya kutua, ilikuwa inakuja ndege ndogo ya Kapteni Mwanvua Sitta na abiria kumi na wawili. Upepo ulikuwa umelala kabisa, kwa hiyo mkia haukuwa na wa kuuondoa njiani.

Nyamizi akakimbilia chumba cha pili. Mzee Bundala Kalokola, mkuu wa zamu, ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa kumnyamazisha Mpangaji, na katika miezi kumi na moja tangu Mpangaji aanze kazi hakuwahi kuutumia. Akataka aelezwe kwanza.

"Mhandisi, mashine yako mwenyewe inasema njia ni salama."

"Mimi ndiye niliyeifundisha vibaya, mzee. Zungusha ufunguo, lawama nitabeba mimi."

Mzee Bundala akauzungusha.

"Kapteni Mwanvua, usitue," Nyamizi alisema kwenye kipaza sauti. "Panda sasa hivi. Mkia wa Kifaru uko mbele yako."

Ndege ndogo ikainua pua. Ilikuwa imeshagusa pembe ya mkia, kwani bawa la kushoto lilianguka ghafla, ikalala ubavu mpaka wakaliona tumbo lake jeupe. Ikajinyoosha juu kidogo tu ya uzio, ikapanda, ikazunguka, na baada ya dakika nane ikatua taratibu.

Mzee Bundala akauliza kama ilivyokuwa desturi. Habari ya mkia?

"Salama tu, mzee," alijibu Kapteni Mwanvua.

"Ila?" akauliza Nyamizi.

"Ila nilijua nimeshawaua watu kumi na wawili."

Jioni hiyo Nyamizi alimpigia simu Maganga Kasanda, akamwuliza habari za huko.

"Nzuri tu, Mhandisi."

Siku nyingine angeendelea na lililomfanya apige simu. Safari hii alinyamaza, akangoja.

"Ila miguu haijarudi," Maganga akasema polepole. "Na kwa kuwa imeandikwa hakukuwa na mkia, nimefukuzwa kazi. Wanasema nilizembea, sikujishika. Hata mke wangu anaamini hivyo."

Maneno ya kutangulizia Nyamizi alikuwa nayo mengi, ya pole na ya heshima, yote yakiwa tayari kinywani. Akayaacha.

"Maganga," alisema, "niliyekuumiza ni mimi. Mwite mkeo naye asikie."