Nipumulie, Fundi

"Nipumulie."

"Mke wangu, ndiyo kwanza naingia. Hata viatu sijavua."

"Nimesema nipumulie."

Akaweka chini mfuko wake wa randa na misumeno, akainama, akanipulizia usoni taratibu, kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Nikanusa spiriti.

"Ni ya vanishi," akasema. "Leo nimepaka vitanda vitatu. Si unaijua kazi yangu?"

"Na hii je?"

Nikamtolea karatasi. Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa tisa sasa. Damu yake ilipita kwenye mashine yangu mchana ule, na kabla daktari hajayaona majibu, mimi nilikuwa nimeshayasoma na kuyahukumu. Kulikuwa na kipimo kimoja cha ini ambacho kwa mtu mzima mwenye afya hakifiki hata kumi. Chake kilikuwa elfu nne na ushei.

"Hiki kikipanda hivi ni ini, Fundi. Uliniapia kabla ya ndoa kwamba pombe basi. Miaka mitatu unanifanya mjinga?"

"Sijagusa. Shida yangu ni chakula, kinakwama hapa." Akajigusa katikati ya kifua. "Kila tonge nalisukuma kwa maji."

"Walevi wote hukonda hivyo hivyo."

Akatabasamu kwa uchovu. "Bi Darubini, hiyo mashine yako imeniona nikinywa?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mimi nikaliona kejeli. Nikafunga nguo zangu, nikaenda kwa dada.

Siku ya nne akaniandikia: "Daktari anataka kunipitisha kamera kooni. Watanipa dawa ya usingizi, kwa hiyo wanataka mtu wa karibu anisindikize. Ni Jumanne. Utakuja?"

Sikujibu.

Wiki iliyofuata: "Wamenisogezea hadi Alhamisi. Ukipata nafasi."

"Mjibu basi, hata ukimwambia hutaki," dada akanisihi.

"Nikimjibu nitarudi. Nikirudi hivi hivi, ataendelea kunywa."

"Umemwona akinywa?"

"Nimeona damu yake."

Kisha ukaja ujumbe mwingine: "Kabati lako nimelimaliza. Droo hazikwami tena." Huo niliusoma mpaka nikaukariri, nisiandike neno. Baada ya hapo simu yake ikanyamaza.

Wiki ya saba akanipigia simu wifi yangu, dada yake Fundi.

"Wifi, sikupigii kukugombeza. Nimemkuta kaka hawezi kumeza hata maji. Hiyo kamera nimempeleka mwenyewe, na kinyama walichokata kimeshapimwa. Majibu ni leo saa tano. Uje, usije, mimi nimeshasema."

Nilipofika hospitali, Fundi alikuwa ndani ya shati ambalo zamani lilimbana. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinisogezea kiti tu.

"Ini lake ni zima," daktari akasema.

"Haiwezekani. Kile kipimo..."

"Nakijua. Uvimbe uko kwenye umio, hii njia ya chakula. Ni saratani, ila ya aina ngeni. Seli zake zimejigeuza zikafanana na za ini, na zinamwaga kwenye damu kitu kile kile ambacho saratani ya ini hukimwaga. Mara nyingi aina hii huonekana tumboni. Kwenye umio, huyu ni wa pili tangu nianze kazi."

"Na pombe?"

Daktari akavua miwani. "Dada, wewe ni mwenzetu. Hata lingekuwa ini, kipimo hiki kinajua nani kanywa?"

"Hakijui," nikasema. Ndiyo maneno ninayowafundisha wanafunzi wanaokuja kwetu: namba ni namba, hadithi muulize mgonjwa. Mgonjwa wangu alikuwa amenisimulia, nami nikaamini namba.

"Hizi wiki saba, daktari?"

Akaivaa tena miwani. "Sitakudanganya. Uvimbe huu una haraka, na umeshafika kwenye tezi za jirani. Ungekuwa mdogo zaidi, naamini. Kama ungekuwa mdogo vya kutosha, sijui. Tutaanza dawa. Uvimbe ukinywea, tutazungumzia upasuaji. Zaidi ya hapo siahidi."

Tukatoka na wifi, tukakaa kwenye benchi la nje, Fundi katikati.

"Kwa nini hukwenda mapema na mtu mwingine?" nikamuuliza. "Wifi yupo. Majirani wapo."

"Fomu iliuliza mtu wa karibu. Nikakuandika wewe." Akazungusha pete kidoleni, ilikuwa imelegea, inacheza. "Kila nikitaka kulifuta jina lako, naona kama nikifuta, basi ndiyo tumeachana. Nikasema kesho atajibu."

Wifi akapiga paja lake. "Mmoja hajibu, mwingine hafuti! Isingekuwa hospitali ningewachapa wote wawili."

Fundi akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Nikamshika mgongo. Mifupa niliihesabu kwa vidole.

"Nisamehe, mume wangu."

"Nilishasamehe. Ila usiniombe kila siku, nitachoka kabla ya dawa."

Nikarudi nyumbani. Kabati lilikuwa chumbani, limekaa wima, linang'aa. Nikavuta droo ya juu, ikaja yenyewe kwa kidole kimoja. Ndani alikuwa ametandika karatasi safi, zikingoja nguo zangu.

Sasa tuko mzunguko wa nne wa dawa. Kipimo chake bado kinapita kwenye mashine yangu, lakini nimemwomba mwenzangu akisome yeye, nami nakaa nje nisubiri kuitwa na daktari kama wake wengine. Kimeshuka. Hakijashuka vya kutosha.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini namwinamia kitandani.

"Nipumulie."

Ananipulizia, kwa pumzi ndogo kuliko ya jana.

"Leo umenusa nini, Bi Darubini?"

"Dawa tu."

"Natamani ungenusa vanishi."

"Hata mimi, Fundi," namwambia. "Hata mimi."