Namba Tatu za Gari la Denis

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kufua sare zake za shule, Mektrida alivaa ovaroli kuukuu ya baba yake, akaikunja miguuni, akaelekea gereji pale Njoro. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na kazi yake ilijulikana. Baba yake, fundi Filbert, aliweza kuijua injini kwa kuisikiliza tu, lakini ile mashine ndogo ya kupimia magari, inayochomekwa chini ya usukani na kuonyesha hitilafu kwa namba na maneno ya Kiingereza, ilimsumbua macho. Mektrida alisoma na kuandika kwenye daftari, kisha baba akaamua la kufanya. Mafundi wa jirani walimwita msichana huyo daktari, na tusifichane, jina hilo lilimvimbisha kichwa.

Jumamosi moja ya Septemba, vumbi likiwa limetanda mji mzima, liliingia gereji gari jekundu la spoti, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko wa Mektrida. Aliyeliendesha alikuwa Mzee Valerian wa Uru, kule mlimani. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mwanawe Denis, aliyefariki mwaka uliopita, na mzee alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe.

"Taa ya injini imewaka, fundi," alisema baada ya kusalimiana. "Na linanuka petroli. Kesho ni misa ya mwaka ya Denis. Nataka nilipeleke kanisani, padri alinyunyizie maji ya baraka."

Filbert alifungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Meku," alisema, akitumia neno la heshima la Kichagga kwa wazee, "sitakudanganya. Gari limezeeka. Kama iliyokufa ni sensa ya ekzosi peke yake, kile kifaa kinachopima moshi, nabadilisha leo na unapanda nalo Uru. Lakini kama kuna silinda inayomisi, yaani haichomi petroli yake, basi petroli hiyo inakwenda kuwaka kwenye masega, kile kichujio cha moshi kilicho ndani ya bomba, chini ya gari. Mlimani masega yanakuwa mekundu kama jiko la mkaa. Hapo siliruhusu litoke. Nitafungua injini, nitazame pistoni na ringi, halafu wewe uamue kama tulitengeneze au tuliache lipumzike."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili, labda tatu."

Mzee Valerian alishika kiuno, akalitazama gari.

Filbert alikuwa anakwenda kununua plagi za gari jingine. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake. "Andika namba zote zilizomo. Usifute hata moja. Ukifuta, taa itazimika lakini ugonjwa utabaki palepale, na sisi tutakuwa hatujui tunatibu nini. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Mektrida alichomeka mashine. Kioo kikaonyesha kwamba hitilafu ni tatu. Ya kwanza ilihusu sensa ya ekzosi, akaiandika. Akafungua ya pili, na hapo akaona neno la silinda. Kabla hajaandika, Mzee Valerian aliinama dirishani.

"Mjukuu wangu, nasikia wewe ndiye daktari wa hapa. Hiyo taa haiwezi kuzimika? Inanitia simanzi. Naiona kama Denis ananilalamikia."

Mektrida alimwonea huruma, huo ni ukweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alitaka kusifiwa. Alijua kitufe cha kufuta kilipo. Alijiambia kwamba namba zingebaki kwenye kumbukumbu ya mashine, akabonyeza. Taa ikazimika.

"Umeliponya!" Mzee alipiga makofi. "Kichwa hicho kitakupeleka mbali, mjukuu wangu!"

Mektrida alicheka, kisha akarudi kwenye mashine kutafuta namba zilizobaki. Hazikuwepo. Alijaribu tena na tena, na kioo kikabaki kitupu.

Baba aliporudi alichukua daftari. "Namba moja tu?"

"Ndiyo."

"Hakuna silinda?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akisema, baba angejua kwamba amefuta, na angemnyang'anya mashine. Mzee naye angemwona hana maana.

"Hakuna, baba. Ni ya sensa tu."

Filbert alibadilisha sensa, akaliwasha gari mara mbili, akalizungusha mtaani. Taa haikurudi, akadhani ni kazi ya sensa mpya. Injini ilikuwa haijapata moto, na barabara ni tambarare, kwa hiyo halikutikisika. Akampa mzee ufunguo. Saa tisa alasiri gari jekundu liliondoka likielekea Uru, na mzee alipunga mkono akitabasamu. Mektrida hakupunga. Bado alikuwa na nafasi ya kukimbia na kupiga kelele, lakini alisimama tu.

Saa kumi na moja simu ya Filbert iliita. Alisikiliza, akaketi taratibu juu ya tairi.

"Limewaka moto," alisema. "Katikati ya mlima lilianza kutikisika, na taa ikawa inawaka na kuzimika. Mzee alijua limetoka kwa fundi muda huohuo, akaendelea. Amefika nyumbani, ameliegesha juu ya majani makavu ya migomba, na masega yakayawasha. Majirani wamechota maji kwenye mfereji, lakini wamechelewa."

"Babu ameumia?" Mektrida aliuliza.

"Hakuna aliyeumia. Gari limekwisha." Filbert alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi vya oili. "Ni mimi. Nimeweka sensa, nikasikiliza, nikasema liko sawa. Miaka ishirini ya ufundi, na gari la marehemu nimelichoma mimi."

Mektrida hakuweza kuvumilia maneno hayo. Alilia, akasema yote, kitufe, namba tatu, silinda, na jinsi alivyodanganya. Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alichomoa waya wa mashine, akauviringisha polepole, akaifungia kabatini.

Jumapili mchana, misa ilipokwisha, baba na binti walipanda Uru. Walipofika kwenye uzio wa shamba la kwanza, Filbert alikata jani la sale, mmea wa uzio huo, akalifunga fundo, akampa Mektrida.

"Mchagga akikosa, anaomba msamaha kwa jani hili. Anayeletewa hakatai."

Mektrida alilishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua vizuri. Kumbe kulikuwa na njia! Mzee atalipokea, na mambo yatakuwa yamekwisha. Hivyo ndivyo alivyodhani, maskini.

Mzee Valerian alikuwa ameketi mlangoni kwake, bado amevaa koti la misa. Uani, kati ya migomba iliyobabuka, ilibaki fremu nyeusi isiyo na vioo. Mektrida alipiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, nimekuja kuomba msamaha. Namba zilikuwa tatu. Nilizifuta mimi, na baba nilimdanganya."

Filbert alipiga magoti kando yake. "Na mimi nimekosa, Meku. Fundi ni mimi. Nilipaswa kupima tena kwa mikono yangu, nisimwachie mtoto kazi ile."

Mzee alilitazama jani. Alinyoosha mkono, akalipokea.

"Nimewasamehe. Mila yetu hairuhusu nikatae, na mimi si mtu wa kuvunja mila. Lakini moyo wangu bado haujafika huko. Mtauvumilia."

Mektrida aliinua uso. Alikuwa amesamehewa, na bado uchungu ulikuwa palepale kifuani.

"Kufuta zile namba lilikuwa kosa la kitoto," mzee aliendelea. "Hata mimi nilikuchochea. Lakini baba yako alipokuuliza, ulijua jibu. Kosa lile lingerekebishwa dakika ileile, kwa kupima upya. Ule uongo ndio uliopanda mlima na mimi. Ukikosea kazini, sema siku hiyohiyo, maana kuna mtu anaondoka akiamini ulichomwambia."

"Nilidhani, babu... nilidhani ukikosa gari siku ya misa, utaumia sana."

Mzee Valerian alielekeza kidole chini ya shamba, palipoonekana msalaba juu ya paa la bati.

"Kanisa ni lile pale, mjukuu wangu. Naenda kwa miguu kila Jumapili. Ungesema kweli, leo ningetembea, na gari la mwanangu lingekuwa kwenu gereji, linanisubiri."