Mbao Mbili Kwenye Majani

Jamani, nilimkuta na msumeno!

Asubuhi, uwanja wa kliniki ndiyo kwanza unaanza kujaa akina mama na watoto wao... na yule binti tuliyemwita Kimya kapiga magoti chini ya kibanda chetu, anakata nguzo.

Nguzo yangu!

Ile niliyoichora mwenyewe, nikaipiga randa mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Wewe! Unafanya nini?"

Msumeno ukaendelea kwenda na kurudi.

"Umechanganyikiwa?"

Nikamkimbilia, nikamshika mkono. Alichonifanyia hapo sitakisahau. Alinisukuma! Tena kwa bega, kwa nguvu zake zote, mpaka nikaenda kukaa kwenye matope.

"Toka hapo!" akapiga kelele.

Binti ambaye tangu muhula uanze sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Nikiwa bado chini nikasikia nguzo inalia... kraaaa! Paa, mbao, mabati, kibanda kizima kikalala kwenye majani kama ng'ombe aliyechoka.

Akina mama wakapiga mayowe. Watoto wakaangua kilio. Na mimi nikalia kuwashinda.

Sasa najua vidole vinawawasha, mnataka kumshukia huyo binti kwenye komenti. Ngojeni kwanza. Niwaambie sisi ni akina nani.

Tunasomea usanifu majengo, mwaka wa tatu. Muhula huu Madam, mwalimu wetu wa studio, alisema amechoka na michoro ya kubandika ukutani. Kila kundi lichore kitu, likijenge kwa mikono yake, na watu wakitumie. Sisi tukapewa kibanda cha kusubiria pale kliniki, maana akina mama walikuwa wanapanga foleni juani na watoto mgongoni.

Tulikuwa wanne. Kimya mmeshamjua. Wa pili Rula, kijana asiyetoka nyumbani bila rula mfukoni, huyo hata mkate anaupima kabla ya kuukata. Wa tatu Mama Pacha, ana pacha wake nyumbani na anatuzidi umri sote, akisema kaeni tunakaa. Wa nne mimi. Wao waliniita Bosi. Ulikuwa utani, ila mimi niliuvaa kama cheo.

Mama Pacha ndiye alituanzishia ule mtindo wetu wa "mimi".

Siku moja Rula alikata mbao ikawa fupi. Rula wa watu, na rula yake yote! Madam akauliza nani kaikata. Rula midomo inamcheza, maneno hayatoki. Mama Pacha akadakia, "Mimi, Madam."

Rula akaona haya. "Hapana, Madam. Ni mimi."

Tukacheka wote, na Madam akacheka. Toka siku hiyo ikawa desturi ya kundi. Likitokea kosa, mwenzako anasema "mimi" kwanza, ili usijione umesimama peke yako. Halafu wewe mwenye kosa unamkatiza. Hakuna aliyewahi kuiacha "mimi" ya mwenzake ikaning'inia.

Hilo lishikeni vizuri.

Turudi uwanjani. Rula na Mama Pacha walifika wanahema. Madam akafika nyuma yao, akakizunguka kibanda kilicholala, mikono nyuma. Mimi nikaanza.

"Madam, nimemkuta na msumeno! Muulize! Watu wote wameona!"

"Nimekusikia."

"Na amenisukuma! Ni wivu tu, Madam. Tangu jana picha yangu ipate watu, ameshindwa kuvumilia. Nataka atolewe kwenye kundi. Leo hii!"

Ile picha mnaikumbuka. Kibanda chetu jioni, jua linapita katikati ya nguzo, paa limeinuka kama linataka kuruka. Niliandika, "Kazi yangu ya kwanza. Nimesanifu, nimejenga." Nyinyi wenyewe mlijaa pale na mioyo na makofi, mpaka simu ikapata moto.

Madam akamgeukia Kimya. "Kwa nini umekata?"

Kimya alikuwa anafuta vumbi la mbao kwenye sketi. "Nimekikuta kinalalia upande wa foleni. Upepo umekisukuma. Nikakifunga kamba kwenye mti, nikakata miguu ya upande wa pili ili kiangukie kwenye majani."

Kweli, kamba ilikuwepo. Mimi kamba sikuiona, niliona msumeno tu.

"Ni kweli, mwalimu," mama mmoja akasema huku anambembeleza mwanawe. "Katufukuza hapo kama kuku kabla hajaanza kukata. Mimi nilimtukana. Kumbe ningekuwa chini ya bati saa hizi."

Kwa hiyo alinisukuma ili...

Madam akainama, akapapasa nguzo za nyuma. "Boliti za kukazia nguzo bado hazijaletwa. Kilichokuwa kinashikilia hiki kibanda ni zile mbao mbili za mshazari mlizopigilia kwa nyuma. Ziko wapi?"

Akainuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kazitoa?"

Jamani... mimi nilijua ziko wapi.

Jana yake jioni wenzangu walishaondoka. Mimi nikabaki nipige picha. Zile mbao za mshazari zilikuwa zinaniudhi siku nyingi, zimekata nyuma ya kibanda kama mikwaruzo kwenye mchoro msafi. Nikasema nizitoe kidogo tu, nipige picha, nizirudishe. Nikazing'oa. Nikapiga picha. Nikaituma pale pale. Simu ikaanza kutetemeka... laiki, komenti, laiki. Nikaondoka natembea nasoma, natabasamu peke yangu njia nzima.

Mbao nilizisahau kwenye majani.

Na sasa Madam amesimama mbele yetu anasubiri jibu, na mimi dakika moja tu nyuma nimetoka kupiga kelele mwenzangu afukuzwe.

"Mimi," Kimya akasema.

Aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyekushikia mlango na anangoja upite.

Mnajua zamu ilikuwa ya nani. Hata mimi nilijua. Maneno yenyewe ni mafupi, hapana Madam, ni mimi. Nikajifanya nafuta matope kwenye nguo.

Rula akanitazama, akaelewa. Alijikuna kichwa. "Hapana, Madam. Ni mimi."

"Ni mimi," akasema Mama Pacha.

Kisha wote watatu wakanigeukia.

Mara tatu nimeachiwa nafasi! Mnajua nikasema nini?

"Madam, si unaona? Hata hawa wanamkingia!"

Natamani ningeanguka na kile kibanda. Mama Pacha alifumba macho. Rula akaangalia viatu vyake. Kimya peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama, halafu naye akaacha.

Madam akavuta pumzi ndefu. "Mmoja wenu harudi tena kwenye kazi hii. Nadhani anajijua."

Nikamwangalia Kimya. Nilifanya hivyo, siwafichi. Nilimwangalia kana kwamba anazungumziwa yeye.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa sebuleni na simu sikioni.

"Ndiyo, wifi, kakijenga mwenyewe! Nimeiweka picha kwenye simu yangu, nikiifungua tu naiona."

Alipomaliza akanivuta akanikumbatia. "Siku ya kukabidhi nakuja na shangazi yako. Nimeshamwambia avae vizuri."

"Mama..."

"Nini, mwanangu?"

"Hamna kitu. Nimechoka."

Siku zilizofuata nilijifungia chumbani. Nilijiambia kazi imesimama, kibanda si kimeanguka? Kundi letu kwenye simu lilikuwa halina ujumbe hata mmoja. Chakula nakigeuza kwenye sahani. Mama akinipita anaimba, mimi namkwepa ndani ya nyumba yetu wenyewe kama mwizi.

Picha ikawa bado inapata watu. Nikaanza kusoma komenti moja moja, nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia mimi ni mtu mzuri. Hongera. Unatisha. Mjenge na kwetu.

Halafu kuna mmoja wenu aliandika hivi:

"Kazi nzuri Bosi. Hizo mbao mbili kwenye majani ni za nini?"

Nikaikuza picha. Pembeni, chini kushoto. Zimelala pale, misumari inaangalia juu.

Kosa langu lilikuwa hadharani muda wote, na chini yake mimi nimeandika "nimejenga".

Sikuoga, sikubadili nguo. Nikaenda kliniki kumtafuta Madam.

Nilipofika getini nikasikia nyundo. Nyundo! Nguzo mpya zimesimama. Rula yuko kwenye ngazi, rula mdomoni. Mama Pacha anakoroga zege. Na Kimya... Kimya yupo! Anashikilia mbao ya mshazari, Madam anampimia.

"Madam, niliyezitoa mbao ni mimi," nikasema. Sikuvuta hata pumzi.

"Najua."

"Unajua?"

"Picha yako niliiona siku ile ile. Hata laiki niliipa, nikajiona mjinga asubuhi yake nilipoitazama tena."

"Lakini... si ulimwondoa Kimya?"

Madam alishangaa kabisa. "Nilisema mmoja harudi. Nikadhani umeelewa ni nani."

Siku zote hizo, aliyefukuzwa ni mimi! Na sikujua, kwa sababu kichwani mwangu haikuwezekana akawa mimi.

Nikamgeukia Kimya. "Ulijua ni mimi?"

"Niliiona picha nilipoamka. Nyuma kulikuwa wazi, mbao hazipo. Ndiyo maana nikaja mbio."

"Sasa kwa nini ukasema ni wewe?"

Alipigilia msumari mmoja hadi ukazama, ndipo akajibu.

"Nilidhani utanikatiza."

Basi. Angenizaba kofi ingekuwa nafuu.

"Naomba kurudi, Madam."

"Usiniombe mimi. Kundi si langu."

Rula akasema yeye hana neno, ila hakuniangalia usoni. Kimya akachukua msumari mwingine. Mama Pacha akaniangalia juu mpaka chini, akanisogezea ndoo kwa mguu.

"Lete maji," akasema. "Na usiniite shoga yako kwanza."

Nikaleta maji. Nilibeba maji, nikabeba mchanga, nikashika ngazi. Bosi hakuna aliyeniita. Hata utani wao ulikuwa unanipita juu ya kichwa. Siku moja Rula alikosea tundu la boliti. Madam alipouliza nikawahi, "Mimi!"

Nikangoja anikatize.

Hakunikatiza. Ikaning'inia pale pale. Nikachukua keekee, nikalitoboa upya lile tundu ambalo sikulikosea. Siku nyingine ikawa hivyo hivyo kwa Mama Pacha. Nilijua sina haki ya kulalamika, na bado iliuma.

Siku ya kukabidhi ikafika. Mama akaja na shangazi, wamependeza, shangazi na mkoba wake mkubwa. Mama akasimama mbele ya kibanda, akatoa simu, akalinganisha.

"Mbona hakifanani na picha?"

Kwa nyuma, mbao mbili za mshazari zilikatiza waziwazi, zimefungwa boliti, hazitoki tena. Akina mama wa kliniki walishaanza kuzitundikia mikoba na kanga zao.

"Picha ilikuwa ya uongo, mama," nikasema. Nikamweleza yote hapo hapo, shangazi anasikia. Mama akaifungua simu yake, akaiondoa ile picha, akairudisha simu kwenye pochi. Afadhali angenitukana.

Madam alikuwa anakagua mara ya mwisho. Akafika kona ya paa.

"Hili bati limepinda. Nani kalipigilia?"

Nililiona likipigiliwa. Alikuwa Kimya, jua limempiga machoni.

"Mimi," nikasema.

Nikajiandaa kwenda kuchukua nyundo na ngazi. Nilishazoea.

"Acha hizo, Bosi," akasema Kimya nyuma yangu. "Madam, ni mimi."

Rula akacheka kwanza. Mama Pacha akafuata, kile kicheko chake cha kushika kiuno. Mimi nilijiinamia kwenye nguzo nikalia mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya foleni nzima. Shangazi akasema, "Sasa huyu analia bati?"

Kimya alishapanda ngazi. "Shikilia vizuri," akaniambia. Nikashikilia.

Ndugu zangu, nilidhani kundi ni watu wa kunisaidia kazi yangu. Kumbe kazi haikuwa yangu hata siku moja. Na kama una mtu anayeweza kusema "mimi" kwa ajili yako, usimwache asimame na neno hilo peke yake. Mkatize haraka. Mimi nilichelewa, na mpaka leo nikipita pale kliniki uso unaniwaka moto.

Ile picha sijaifuta. Bado ipo, nendeni mkaitazame. Pembeni, chini kushoto, kwenye majani.

Ila laiki, tafadhali... ziondoeni.