Kasi ya Unesi

Cherehani ilikuwa imeibwa, mwizi alikuwa ameacha barua, na barua ilikuwa na jina lake chini. Katika miaka kumi na tisa ya upolisi, Inspekta Hhando hakuwa amepata kuona wizi wenye adabu namna ile, na hakuupenda.

Ilikuwa Jumatatu, Julai 1983, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu wa Karatu ulikuwa bado umeyalalia mabati. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili na meza. Pale kwenye kona cherehani iliposimama, sakafu ilikuwa safi kuliko kwingine kote.

"Mpangaji wako ni nani?" aliuliza.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, fundi cherehani, Sara Bonifasi kwa jina, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Valeria. Miaka mingi nyuma alitoka Singida na mumewe kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba.

"Msichana wa Kimasai, afande. Naisula Senteu, wa Piyaya, kule Loliondo. Leo anaanza uuguzi. Bweni lao halijaezekwa, bati hakuna, wameambiwa wajitafutie pa kulala mjini. Nikamhurumia, nikamlaza na binti yangu chumba kimoja. Shukrani ya punda ni mateke!"

"Ameondoka lini?"

"Alfajiri. Nimeamka, hayupo. Sanduku lake halipo, cherehani haipo. Nimekuta hii."

Hhando aliisogeza barua kwenye mwanga wa dirisha.

*Mama Valeria, nisamehe. Kasi ya unesi siiwesi. Nimerudi kwa wasee wangu Piyaya. Fitu fyangu nimechukua na cherehani nimechukua nikause. Msinitafute. Naisula.*

"Afande," alisema Mama Valeria, "shuleni mtawaambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba amekimbia. Wasije wakamsubiri bure."

Hhando alimtazama. Mtu kaibiwa kitega uchumi chake, na kinachomkosesha raha ni shule kusubiri. Haya.

Nje, Konstebo Lomayani alikuwa tayari amekaa kwenye usukani wa Land Rover. Petroli ya mgao ilikuwa imebaki ya safari moja, na Lomayani alitaka waitumie kukimbilia lango la Ngorongoro.

"Tukichelewa, afande, mwisi atapanda lori la Loliondo. Hatumpati tena."

Hhando alisimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Umesema nani atapanda lori?"

"Mwisi, afande."

"Toa kalamu. Andika: mwizi ameiba vitu vya mzee."

Lomayani alidhani mkubwa wake ameingiwa na wazimu wa baridi. Lakini amri ni amri. Aliandika huku akijisomea kwa sauti, "Mwisi ameiba fitu fya msee," akampa karatasi. Hhando aliisoma. *Mwizi ameiba vitu vya mzee.* Kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Fiboko, afande," alisema Lomayani, na hapo akacheka. "Darasa la pili. Ulimi uligoma, mkono ukatii."

"Na huyu binti kamaliza kidato cha nne."

Kicheko kilimwisha Lomayani usoni. Aliichukua barua akaisoma upya, taratibu, na masikio yakamwiva kwa hasira.

"Afande, huyu siyo mtu wa kwetu Umasaini. Huyu ni mtu anayetuiga."

Walikwenda kwa miguu hadi nyumba ya tatu, kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Tajewo. Mgeni yeyote aliyelala mtaani lazima aandikwe kwenye daftari lake, na Mzee Tajewo, ambaye macho yalikuwa yamemchoka, siku hizi aliwapa wageni kalamu wajiandike wenyewe.

*Naisula Senteu, Piyaya. Nimekuja kuanza mafunzo ya uuguzi. Nimepewa chumba na Mama Valeria. Wazazi wangu wanajua nilipo.*

Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka kama mistari ya trekta. Haukufanana na wa barua hata kidogo.

"Mtoto wa watu alihangaika Ijumaa," alisema Mzee Tajewo. "Kwenye mtaa huu peke yake kabisha milango kumi na mmoja. Mmoja akamwuliza ng'ombe wake watalala wapi. Mwingine anataka barua ya mume. Hata Mama Valeria asubuhi ile alimwambia chumba hakuna. Jioni nikamwona anamfuata mwenyewe sokoni, kambebea na sanduku."

"Nini kilibadilika, mzee?"

"Mimi nitajuaje? Ninachojua, baada ya kukataliwa msichana alimwonyesha barua ya shule, akidhani itasaidia. Mama akaisoma mpaka mwisho, akamrudishia bila neno."

Hhando aliitoa tena ile barua ya wizi. Aliyeiandika alikuwa amevunja kila herufi z na kila v, *kasi, wasee, fitu, nikause*, kwa bidii ya mtu anayechekesha watu kilabuni. Ila neno moja lilikuwa zima. *Valeria*. Anayesema fitu angesema Faleria. Mkono ulioharibu kila kitu ulikuwa umeshindwa kuliharibu jina la mtoto wake.

Cherehani haikuwa na maana tena. Msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa amelala kwa mtu huyu, na sasa hajulikani alipo.

"Lomayani, rudi pale. Pekua nyumba nzima, stoo mpaka jikoni. Kisha mlete mama kituoni. Mimi napita shuleni."

Shule ya wauguzi ilikuwa ndani ya uzio wa hospitali, mwendo wa dakika saba kupanda kilima. Kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi iliyopigwa chapa wiki mbili nyuma, yenye majina thelathini. Chini yake: *Majina yataitwa saa nne kamili, Jumatatu. Asiyefika, nafasi yake itachukuliwa na wa akiba.* Chini zaidi, wa akiba namba moja: *Valeria Bonifasi*.

Hhando hakusoma zaidi.

Getini alisimama msichana mwenye gauni lililopigwa pasi kali na sanduku la bati miguuni.

"Wewe ni Valeria?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Unangoja nini hapa?"

"Mama kaniambia nije mapema. Anasema huenda akakosekana mtu." Aliangalia nyuma ya Inspekta, barabarani. "Afande, Naisula hamjamwona njiani? Mimi jana nililala kwa shangazi. Tulikubaliana tukutane hapa, aniombee kwa Sista mkuu."

Hhando alimwambia tu asitoke pale.

Kituoni Lomayani alikuwa ameshafika. Cherehani ilikuwa juu ya meza, imejaa pumba. Ilikuwa imezikwa kwenye pipa la chakula cha nguruwe wa Mama Valeria, na sanduku la Naisula chini yake. Naisula hakuwemo popote, ndani wala nje.

Mama Valeria aliketi kwenye benchi, kanga imekazwa mabegani.

"Yuko wapi?" aliuliza Hhando.

"Nani?"

"Usinichoshe, mama. Mwizi wako kaacha mzigo wa wizi kwenye pumba zako. Yuko wapi?"

"Huenda kauficha arudi kuuchukua."

"Barua uliandika wewe."

"Sijaandika."

"Yu hai?"

Mama Valeria alikaza kanga, akatazama dirishani.

"Mama, yu hai?"

"Saa ngapi sasa, afande?"

"Nakuuliza habari ya mtoto wa mtu!"

"Sijui alipo."

Hhando alipiga meza mpaka wino ukamwagika. Alimtisha kwa kamba ya kunyongwa, akamwomba kwa jina la Mungu, akamtajia wazazi wa Piyaya ambao hata simu ya kuwaambia haipo. Mwanamke alibaki kama kisiki. Machozi yalimtoka tu.

"Unamjua mama yake?" alisema Hhando. "Na yeye kazaa."

"Saa ngapi, afande?"

Mara ya tatu alipouliza, Inspekta alifuata macho yake. Ukutani pale palikuwa na saa iliyokufa tangu mwaka juzi. Mama Valeria hakuwa akiitazama hiyo. Alikuwa akitazama dirisha, upande wa kilima.

Hhando alitoka nje, akamvuta Lomayani pembeni. Saa yake ya mkononi ilisema saa tatu na dakika kumi.

"Shuleni majina yanaitwa kwa kengele?"

"Ndiyo, afande. Ringi la gari. Linasikika mpaka sokoni."

"Kimbia. Mwambie mlinzi alipige sasa hivi. Akibisha, lipige mwenyewe."

Alirudi ndani, akaketi, akaanza kuandika upuuzi kwenye karatasi. Hakupata kuona dakika ndefu kama zile maishani. Kama amekosea, basi binti yule anakata roho mahali fulani huku yeye akicheza mchezo wa watoto.

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Ringi la gari lililia kutoka kilimani.

Mama Valeria alifumba macho. Mabega yakashuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua kuni.

"Saa nne hiyo," alisema Hhando, bila kuinua uso. "Majina yanaitwa."

"Mungu wangu." Alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli, akauweka mezani. "Mfungulieni. Yuko kambi ya zamani ya vibarua, chumba cha mwisho, kule mashamba ya kahawa. Sikutaka afe, afande. Nilitaka saa nne ipite tu."

"Ulimpa nini?"

"Vidonge vya usingizi, vilibaki vya marehemu mume wangu. Nilimwambia jana alasiri nimempatia chumba chake mwenyewe, kizuri, karibu na shule. Alifurahi! Alinishukuru njia nzima. Tukafika, tukanywa chai ya chupa. Alipolala nikafunga mlango, nikarudi na sanduku lake."

"Vingapi?"

"Sita. Sikujua kipimo." Akaanza kulia kwa sauti. "Sikujua!"

Safari moja ya petroli ilitumika hapo. Lomayani, aliyerudi mbio kutoka kilimani, aliiendesha Land Rover kama anafukuzwa katikati ya mibuni iliyotelekezwa. Kambi ilikuwa safu ya vyumba vya udongo, nusu vimebomoka. Kufuli la mlango wa mwisho lilikuwa jipya.

Naisula alikuwa sakafuni juu ya gunia. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi, midomo imekauka. Hhando alipiga magoti, akaweka sikio kifuani. Hakusikia kitu. Akaliweka tena.

"Anapumua," alisema. "Shika miguu!"

Lomayani alivua koti lake la polisi, akamfunika nalo, akamsemesha kwa Kimasai njia nzima, akimtaja kwa jina. Walipokaribia hospitali kope za Naisula zilicheza. Alisema neno moja ambalo Hhando hakulielewa.

"Anauliza ni saa ngapi," alisema Lomayani.

"Mwambie saa nne bado."

Daktari alimwosha tumbo, akamwekea dripu. "Saa mbili zaidi kwenye baridi ile, mngeniletea maiti," alisema, akarudi kwa mgonjwa.

Ringi lilipolia mara ya pili, safari hii kwa saa yake halali, wanafunzi walijipanga uani wakinong'ona. Sista Pudensiana, mkuu wa shule, alifungua daftari. Alisoma majina kwa sauti kavu, na kila mmoja akaitika.

"Naisula Senteu."

"Yupo!" alijibu Inspekta Hhando kutoka nyuma, mpaka watu wakageuka. "Yuko wodini, kitanda cha tatu. Hawezi kusimama, lakini yupo."

Sista alimtazama juu ya miwani, akaandika. Kisha akaendelea, na jina la mwisho likamfanya Hhando ashtuke.

"Valeria Bonifasi."

Hakuitika mtu. Sista alirudia. Akarudia tena, mara ya tatu, akatazama getini, akafunga daftari.

Saa saba mchana Inspekta alirudi kituoni na karatasi ya maelezo. Mama Valeria alikuwa ameshaeleza yote. Alikuwa amemshonea binti yake gauni la wauguzi tangu Machi, na jina likatoka la akiba. Halafu akatokea msichana kutoka porini, amebeba nafasi mkononi, na hata pa kulala hana.

"Yu hai?" aliuliza mama.

"Yu hai."

Alijifunika uso. "Afande, na Valeria?"

Hhando alivuta kiti. Alitamani kazi hii angepewa mtu mwingine.

"Sista anasema wiki iliyopita msichana mmoja wa Mbulu alijitoa, kaenda ualimu. Valeria akachukuliwa. Barua ilitumwa Alhamisi kwa sanduku la parokia. Hakuna aliyekwenda kuichukua."

"Alhamisi?"

"Alhamisi. Naisula alikuwa hajabisha mlangoni kwako."

Alimtazama kana kwamba anaongea Kizungu. Kisha uso ukafunguka, na hilo lilimuumiza Hhando kuliko kilio.

"Basi ameingia! Mwanangu ameingia!"

"Ameitwa mara tatu mbele ya watu wote. Hakuitika."

"Kwa nini? Yuko wapi?"

"Alikuwa getini machela ilipopita. Alimtambua mwenzake, akaniuliza nani kafanya. Nikamwambia." Inspekta alikohoa. "Amebeba sanduku, ameondoka. Kaniambia, 'Nitampa vipi mgonjwa dawa, afande, na watu wanajua chai ya mama yangu?'"

Mama Valeria alitoa sauti iliyomfukuza Lomayani mlangoni mpaka uani. Hhando alibaki palepale, akangoja mpaka ikaisha, halafu akamsogezea kalamu atie sahihi.