Kushoto Kwako

Doreen Tjaden, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, si mtu wa kuzusha. Alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na hata maiti alizoziosha hazikuwahi kumkosesha usingizi. Ndiyo maana aliponisimulia haya kwa sauti ya chini, nilimwamini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi. Jua la kupendeza, mahindi yamekauka mashambani yakisubiri mashine ya kuvuna. Doreen na mdogo wake, Wendell, walishusha baiskeli zao garini ili wazunguke ile njia ndefu ya lami iliyotandikwa palipokuwa na reli zamani. Inatoka mjini kwetu, inapita vijiji na mashamba ya jimbo letu la Iowa, Marekani, kisha inarudi palepale ilipoanzia.

"Dada, leo ukichoka nakuacha uliwe na kunguru," Wendell alitania.

"Wewe unayehema kama trekta bovu? Panda twende!"

Katikati ya safari walipumzika kwenye mgahawa mdogo, wakala pai ya tufaha. Mwenye mgahawa, mama mmoja aitwaye Bernadine, aliwaongezea kahawa, kisha akainama.

"Mkifika kwenye mahindi marefu," alinong'ona, "mkisikia mtu anaomba njia, msimpishe."

Wendell akacheka. "Mama, huko si kukosa adabu?"

Bernadine hakucheka. Aliendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwenye njia ile, anayetoka nyuma hupaza sauti, "Kushoto kwako!" Nawe unasogea kulia, anapita. Doreen aliizoea sauti hiyo kuliko jina lake. Kwa hiyo ilipotoka nyuma yao, katikati ya kuta mbili za mahindi, mikono yake ilikuwa imeshaanza kugeuza usukani.

"Kushoto kwako!"

Sauti ya upole. Si ya mwanamke, si ya mwanamume. Doreen akakumbuka onyo, akanyoosha usukani. Akatazama nyuma. Njia ilikuwa tupu hadi upeo wa macho.

"Kushoto kwako!"

Safari hii ilikuwa sikioni. Hakusikia mnyororo wala tairi. Upepo ulikuwa umetulia, lakini majani ya mahindi upande wa kushoto yakaanza kutikisika, bua moja baada ya jingine, mtikisiko ukimpita kuelekea mbele.

Mbele yake, Wendell akasogea kulia na kupunga mkono. "Pita, bwana, pita!"

"Wendell! Usimpishe!"

Alikuwa ameshampisha. Doreen aliona kichwa cha mdogo wake kikigeuka taratibu, kikifuata kitu kinachopita. Mabega yakamlegea.

"Dada," alisema bila kugeuka, "anaimba ule wimbo wa mama."

Kisha akakanyaga pedali kwa nguvu. Akakata kona. Akapotea.

Doreen alipofika konani, baiskeli ya Wendell ilikuwa imelala katikati ya lami, gurudumu la mbele bado linazunguka. Mahindi yalisimama wima pande zote. Hakuna bua lililovunjika.

"Wendell! Acha mchezo, naogopa mwenzio!"

Kisha, nyuma yake, karibu kabisa:

"Kushoto kwako, dada."

Ilikuwa sauti ya Wendell. Alitamani ageuke amkumbatie. Lakini hakusikia hatua. Hakusikia pumzi.

"Nipishe, dada. Nina baridi."

Hakugeuka. Akashika katikati ya njia, akakanyaga huku analia. Sauti ikamfuata. Ikaomba. Ikabembeleza. Ikalia kama Wendell alivyolia siku walipomzika mama yao. Doreen hakusogea. Penye daraja la mwisho, ikanyamaza.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye gari. Wendell alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Viatu vyake havikuwa na vumbi.

"Nilikuomba njia," alisema polepole. "Ukaninyima."

Doreen akampeleka nyumbani. Angefanya nini? Sura ni ileile, kovu la kidevuni ni lilelile. Anaishi chumba cha nyuma hadi leo. Anakula anachopewa. Hatanii tena. Na baiskeli yake, walipoifuata kesho yake, haikuwepo.

Wiki chache baadaye, mkulima wa shamba lile la konani, ambaye Doreen alikuwa amemuulizia ile baiskeli, alikuwa akivuna. Jioni moja alizima mashine kabla hajamaliza, akampigia Doreen simu. "Mama Tjaden, njoo uone. Mimi siendelei."

Doreen alikwenda asubuhi, peke yake. Ndani kabisa ya mahindi yaliyobaki palikuwa na duara ardhini, limekandamizwa na tairi za baiskeli iliyozunguka na kuzunguka mpaka udongo ukang'aa kama lami. Hapakuwa na alama ya kuingia. Wala ya kutoka.

Umande ulikuwa umeganda kwa baridi ya usiku, umefunika shamba zima kwa weupe. Kwenye lile duara tu ndipo ulipokuwa umesagwa, na bado ulikuwa unayeyuka, kana kwamba tairi zimepita hapo sasa hivi.