Ovaroli ya Kijani

Maji yaliruka juu ya boneti yakamwangukia dada mmoja aliyekuwa akipenya katikati ya magari. Gauni lake la manjano, lililotoka kupigwa pasi asubuhi hiyo, likamganda mwilini.

"Kaka, mimi nafanana na gari?"

Muosha magari aliutupa mpira wa maji chini. "Samahani sana, dada. Gari zinazoletwa hapa hazipendezi hivyo."

"Na huo ulimi, umeuosha na sabuni gani?"

Lakini alikuwa ameshacheka. Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake ng'ambo ya barabara, na jicho lake la ufundi liliona suruali ya kijana ikichuruzika maji tangu kiunoni.

Ukaanza utani, utani ukazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Dada akamwita kijana Mafuriko. Kijana akamwita Sindano. Siku moja Sindano alivuka barabara na zawadi: ovaroli ya kijani, ameishona mwenyewe kwa kitambaa cha koti la mvua.

"Ili maji yasikuguse, mpenzi."

Mafuriko aliivaa kutwa, hata jua lilipowaka. Wenzake wakamwita Chura.

"Semeni tu," aliwajibu. "Chura huyu anashonewa."

Kisha akaanza kuwashwa sehemu za siri. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoa utando mweupe, na haja ndogo ikamchoma. Mwenzake wa kazini akamnong'oneza, "Hayo huletwa na mwanamke. Muulize wako anatoka wapi." Akampa na tyubu ya dawa. Ilipoza kidogo, kisha moto ukarudi maradufu.

Mafuriko hakuuliza. Alijitenga tu.

"Unakuja leo, laazizi?"

"Nimechoka, Sindano."

"Jana umechoka, leo umechoka. Kwani hizo gari unaziosha au unazibeba?"

Mafuriko hakucheka. Sindano akabaki ameshika simu.

Jumapili, akimshonea mfuko wa suruali uliochanika, aliikuta ile tyubu.

"Ya nini hii?"

Kijana akamwambia, macho sakafuni.

"Na nani kakuambukiza?"

"Mimi ndiye nilitaka kukuuliza wewe."

Neno likitoka halirudi. Sindano aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Simu za Mafuriko hakupokea. Alipopokea hatimaye, alisikia pumzi kwanza, kisha sauti ndogo.

"Nimekukosea. Sina mwingine, na najua nawe huna. Naogopa, Sindano. Hospitali siwezi kwenda peke yangu."

Sindano alichukua mkoba wake.

"Vaa viatu," alisema. "Nakuja."

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Alimchunguza, akampima na sukari, maana ikizidi nayo huleta muwasho wa aina hiyo. Ilikuwa sawa.

"Ni fangasi, mwanangu. Hukaa kwenye miili ya watu wengi bila kelele. Wakipata joto na unyevu, wanafanya sherehe. Kuwa nao si ushahidi wa usaliti. Kazini unashinda umevaa nini?"

Sindano ndiye aliyejibu, taratibu.

"Ovaroli. Ya kitambaa cha mvua. Niliishona mimi."

"Haipitishi hewa hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi jasho lote lilibaki humo humo."

Sindano alimgeukia mpenzi wake, akicheka huku machozi yanamtoka. "Mbona hukusema inakuunguza?"

"Si uliishona wewe?"

Daktari aliwaacha wamalize, kisha akaeleza. Dawa aliyompa apake mpaka muda wake uishe, hata kama muwasho utakoma mapema. Aoshe sehemu hizo kwa maji, ajikaushe vizuri, sabuni za manukato aziache, avae chupi za pamba na kubadili nguo zikilowa. Tyubu ya mwenzake wa kazini asiiguse tena. "Mpaka apone, mtulie, kila mtu kitandani kwake. Na wewe binti, ukisikia kuwashwa, njoo nikuone."

Kibandani, Sindano alikata suruali ya pamba na aproni ya kuzuia maji, ya kufunga kiunoni na kuvua kazi ikiisha. Akamzungushia kijana futi kamba kumpima kiuno.

"Ukimaliza hii," Mafuriko alisema, "nishonee na suti."

"Ya nini? Chura ana harusi?"

"Kama Sindano atakubali kusimama pembeni yake."

Futi kamba ilibaki kiunoni.

"Kitambaa nachagua mimi?"

"Chagua wewe. Ila kikiniwasha, safari hii nitasema."